Mfuko wa Kiti cha Kushoto

Msimu mzima gari lilikuwa likilala upande wa dereva, na msimu mzima mwenye gari alitafuta ugonjwa kwenye gari. Alitafuta kwenye springi, akatafuta kwenye shokomzoba, akalala chali chini ya chesisi na tochi mdomoni mpaka shingo ikakakamaa. Ugonjwa haukuwa huko. Lakini mwanamume akishakata shauri kwamba tatizo liko kwenye chuma, nani wa kumtoa hapo?

Walimwita Timazi. Alikuwa mwashi, na jina alilipata kutokana na ile kamba yenye kipande cha risasi ambayo waashi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Yeye kamba hakuihitaji, macho yake yalitosha. Akiingia nyumba ya watu, awe amekwenda kutoa pole au kutoa hongera, kabla hajakaa atainyoosha kwanza picha iliyo ukutani. Mkewe alishamwomba mara nyingi, wakiwa njiani kwenda ugenini, kwamba leo tafadhali mikono ikae mifukoni. Alikuwa akiitikia vizuri kabisa, na akifika anasahau.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la zamani, viti viwili tu, la chini kiasi kwamba ukiingia unajiona umekaa sakafuni. Alilikuta nyuma ya jengo alilokwenda kulibomoa, kuku wametaga kwenye buti, na mwenye jengo akamwambia alichukue alimradi asimwachie takataka nyingine. Yeye na rafiki yake wa utotoni, fundi mwenye gereji mtaa wa nyuma, wakalifufua. Tangu hapo likawa gari la mbio. Usidhani mbio za watu wakubwa, hapana. Ni watu wenye kazi zao ambao siku za mapumziko huomba barabara ya kilimani ifungwe, wakapanda mmoja mmoja, na mwenye muda mfupi kuliko wote akapewa kikombe cha bati na kupigiwa makofi. Kila gari la mbio hizo hubeba watu wawili: dereva, na msomaji wa njia, ambaye hukaa kushoto na kumwambia mwenzake kona inayokuja ni ya namna gani.

Msomaji wa Timazi alikuwa mkewe, fundi cherehani, na huko mbioni kila mtu alimjua kwa jina la Bi Ramani. Nyumbani alikuwa na maneno mengi, mtani, mcheshi, wateja walikuja kupimwa gauni wakaondoka jioni. Akifunga mkanda wa gari, sauti ikabadilika. "Kushoto, kali." "Kulia, pana, nenda." Basi. Timazi aliiamini sauti ile kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe, na kwa mtu kama yeye hilo si jambo dogo.

Sasa sikiliza jinsi walivyokuwa wakifanya kazi, maana mambo yote yalitokea hapo. Gari jepesi namna ile, aliyekaa ndani ni sehemu ya mashine. Huwezi kuchagua springi na kupima kimo cha gari viti vikiwa vitupu. Kwa hiyo kila mwanzo wa msimu fundi alilipandisha gari juu ya mizani nne, moja chini ya kila tairi, Timazi akakaa kwenye usukani, na kwenye kiti cha kushoto wakaweka mfuko wa mchanga wenye uzito sawasawa na wa Bi Ramani, kwa kuwa kazi ile humaliza siku nzima naye ana nguo za watu. Mfuko aliushona mwenyewe kwa turubai, mshono mara mbili, na kwa uchokozi akaufunika kitambaa cha maua na kuutia kifungo kimoja kikubwa mbele. Fundi aliubatiza jina la Shemeji Mdogo.

Na kulikuwa na sheria: uzito wa shemeji hausomwi na mwanamume. Siku ya kupima, Timazi na fundi waligeukia ukuta kama watoto wanaocheza kujificha. Bi Ramani akapanda mizani peke yake, akasoma peke yake, akaongeza au kupunguza mchanga kwa kopo mpaka mfuko ukalingana naye. Ndipo aliposema geukeni. Kila mwaka fundi aliuliza kama atafute springi za lori, na kila mwaka alijibiwa ipasavyo.

Mwaka ule Bi Ramani hakuja. Alisema nguo za harusi ya mteja zimemkaba koo, wautumie mfuko wa mwaka jana, kwani kuna ubaya gani. "Mwambie shemeji sijaongezeka hata kidogo," alimwagiza mumewe, na kwa kweli hakusema uongo.

Basi wakapima kwa mfuko wa mwaka jana, gari likasimama sawa kama meza, na wikendi iliyofuata, kwenye kona ya kwanza ya kushoto, likalalia bega la kulia. Timazi alihisi mara moja. Akasema springi ya mbele kulia imechoka. Fundi akaitoa, akatia nyingine, wakapima tena kwa mfuko, sawa. Mbio zilizofuata gari likatulia kidogo, na zile zilizofuata likalala tena, kuliko mwanzo. Wakatoa springi zote nne, wakatia ngumu za mashindano. Likatulia. Likalala. Wakabadilisha bushi, zile raba za viungoni. Wakatia shokomzoba za gesi, zile zenye kitufe cha kukaza na kulegeza, naye Timazi akazungusha kitufe mpaka kikagoma. Fundi alimwonya kwamba sasa gari limekuwa mkokoteni, kila kokoto barabarani litaingia mgongoni. Timazi akasema mgongo wake ni wa mwashi. Kwamba ndani ya gari mle kulikuwa na mgongo mwingine, hilo halikumpitikia akilini.

Ningependa kumtetea lakini siwezi. Mtu huyu alikuwa akiona tofali lililotoka nje ya mstari kwa unene wa ukucha. Lakini mkewe alikuwa fundi cherehani, na kila wiki alizipitisha gauni zake mwenyewe chini ya sindano, akiingiza mshono kidogo hapa, kidogo pale, kwa hiyo kila gauni lilimkaa jinsi lilivyomkaa siku zote. Timazi aliliona gauni limekaa vizuri, akaridhika. Mezani mke alisema amekwisha kula na wateja. Akisikia uchovu alisema macho, sindano zinamaliza macho. Na mume alikuwa na springi kichwani, hana hili wala lile.

Kulikuwa pia na jambo la mto. Katikati ya msimu Bi Ramani alishona mto mwembamba wa sponji, akaukalia kwenye mbio. Timazi alipouona alikunja uso. Akamweleza, tena kwa upole wa mwalimu, kwamba mto unamnyanyua, na akinyanyuka uzito unapanda juu, na uzito ukipanda gari linalala. Unaharibu hesabu, alisema. Bi Ramani akautoa chini yake, akautupa nyuma ya kiti, akafunga mkanda. Akasoma kona zote mpaka juu bila kukosea hata moja.

Wiki ya mbio za mwisho ilipofika, Timazi alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, kama kila mwaka, na Timazi alikuwa amechoka kupeana mkono na mikono ile laini. Alikwenda gereji asubuhi. Fundi alikuwa amempangia springi juu ya benchi, jozi tatu: za asili zilizotoka na gari, zenye kutu kidogo na laini, za kati, na nyingine mpya, ngumu hata kuliko zile zilizokuwa ndani. Timazi akaweka mkono juu ya hizo ngumu kabla hajasalimia.

Fundi hakunyanyua spana. Akajifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kisha akasema yeye kwenye gari hilo amefika mwisho wa ufundi wake. "Kaka, hapa ndani liko sawa. Huko nje linalala. Mimi naona tofauti ya hapa na huko ni moja tu. Hapa unakaa na mfuko."

Timazi akacheka. Lakini fundi hakuwa akitania. Paa la gereji lilikuwa likivuja, alisema, na mfuko ulikaa kwenye kona ile ile mvua zote. Huenda mchanga umekunywa maji, ukawa mzito kuliko shemeji. Kama ni hivyo, msimu mzima wamekuwa wakipima gari na mtu asiyekuwepo. Aje mwenyewe, akae dakika chache, wajue moja. Hilo lilimwingia Timazi akilini. Lilimfurahisha, hata. Maji kwenye mchanga, jambo dogo kama hilo.

Alimpigia simu mkewe. Mkewe akasema ana kazi. Akampigia tena, akamweleza habari ya paa na maji, akamwambia ni dakika chache tu. Kwenye simu cherehani ikanyamaza. "Haya," Bi Ramani akasema. "Nakuja."

Alikuja mchana amevaa gauni la kijani, limemkaa vizuri. Akamuuliza fundi kama tumbo lile alilobeba amelisajili kwenye mbio, fundi akajibu tumbo ni la heshima, wakacheka. Timazi alikuwa tayari kwenye usukani, mikono juu, kama mtu anayesubiri bendera. Bi Ramani akashuka kwenye kiti cha kushoto taratibu, akishika fremu ya mlango, akafumba macho kidogo. Kisha akasema wapime.

Fundi alichuchumaa kwenye mizani ya kushoto mbele. Akasogea kwa ile ya nyuma. Akarudi ya mbele, akaigonga kwa kidole, akasubiri. Timazi aliuliza imesomaje. Fundi alisimama, akatazama sakafu, kisha akageuka, akasimama akiutazama ukuta uso kwa uso, kama walivyokuwa wakifanya miaka yote siku ya kupima.

"Wewe, imesomaje?" Timazi akarudia, sasa kwa hasira kidogo.

"Msaidie shemeji atoke," fundi aliuambia ukuta.

Timazi akazunguka gari. Kiti kile kilikuwa chini mno na Bi Ramani alikuwa amejaribu kuinuka mara moja, akashindwa, akabaki amekaa na tabasamu la kuomba radhi. Timazi akapitisha mikono chini ya kwapa zake, akamnyanyua kama alivyomnyanyua mara nyingi baada ya mbio, kwa nguvu ile ile aliyoizoea, na nusura amrushe. Mikono yake ilikuwa imebeba simenti tangu ujanani. Ilijua mfuko kamili na mfuko uliochotwa bila kuhitaji mizani ya mtu yeyote. Akamsimamisha chini, lakini hakumwachia.

"Usiseme," Bi Ramani alimwambia. "Najua ni ngapi."

"Tangu lini?"

"Kabla ya msimu kuanza."

Akamweleza pale pale, akiwa ameegemea mlango wa gari, kwa maneno machache kama ya kusoma njia. Ugonjwa ulikuwa tumboni. Hospitali alikwenda siku alizosema anapeleka nguo kwa wateja. Walichelewa kuuona, na kwa kuwa walichelewa hakukuwa na cha kukata; alipewa dawa za maumivu na tarehe za kurudi. Timazi alisikia kila neno na hakuna lililokaa. Akauliza swali moja tu, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake: mbona hakumwambia.

"Ungeniweka kitandani, ukanikalia na kikombe cha maji," mkewe alisema. "Nilitaka msimu mmoja tu ambao mtu ananigombeza kwa kuchelewa kusoma kona."

Hapo ndipo Timazi alipoukumbuka mto. Aliukumbuka wote, rangi yake na mshono wake, na maneno yake mwenyewe ya kiualimu. Akainama, akaingiza mkono nyuma ya kiti cha kushoto. Ulikuwa bado uko pale, una vumbi. Akasimama ameushika kwa mikono miwili, akalia, mtu mzima, mbele ya rafiki yake. Akamuuliza mkewe kama springi zile zilimuumiza. Bi Ramani akasema kidogo. Hakujua kabisa kusema uongo, isipokuwa kwa nguo.

"Shemeji, geuka," akasema kisha. "Unajifanya kuutazama ukuta, na ukuta wenyewe umepinda."

Fundi akageuka, macho mekundu. Timazi, akijipangusa kwa mkono wa shati, alikuwa ameanza kutoa amri: mbio hakuna, gari atalifunika turubai leo hii, twende nyumbani. Mkewe akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema amevumilia springi zake zote, moja baada ya nyingine, kwa hiyo asimnyime za mwisho. Na akaomba, kwa mara ya kwanza tangu waanze mambo ya magari, aonyeshwe zile zilizoko benchini.

Alizibonyeza moja moja kwa kiganja, kama anayechagua kitambaa dukani. Ngumu hakuzitazama mara mbili. Akaziacha na za kati. Akaweka mkono juu ya zile za asili, zenye kutu, akasema hizi. Timazi alijua kwamba kwa springi zile daktari wa meno atawaacha mbali, na akajua kwamba hajali hata chembe. Akazibeba mwenyewe mpaka chini ya gari. Vile vitufe vya shokomzoba alivilegeza vyote mpaka mwisho wa upande wa pili.

Ikabaki kupima. Bi Ramani alikuwa amechoka kukaa kwenye gari, kwa hiyo wakaulaza mfuko juu ya mizani, yeye akakaa kwenye kigoda akauweka mto mgongoni. Akataja uzito wake kwa sauti. Sheria ilivunjwa hivyo, bila kelele. Timazi akafungua kile kifungo kikubwa, akaanza kuchota mchanga kwa kopo na kuumimina kwenye ndoo. Fundi alikuwa akisoma mizani na kusema bado. Timazi akachota. Bado. Akachota. Maua ya kitambaa yakaanza kulegea na kukunjamana. Kila alipodhani imetosha alimtazama fundi, na fundi akatikisa kichwa. Mchanga ule haukuwa na maji hata tone, ulikuwa mkavu kabisa. Walipoufikia uzito alioutaja, ndoo ilikuwa imejaa, na Timazi akakaa chini sakafuni kando yake. Hicho ndicho kilichokuwa kimeondoka kwa mkewe, kidogo kidogo, kwenye kiti cha pembeni yake, yeye akikaza vitufe.

Siku ya mbio gari lilipanda kilima likiyumba kwa ulaini, kama kitanda cha zamani. Ilipokuja kona ya kwanza ya kushoto, Timazi alikaza mikono kwa mazoea, akisubiri lilale. Halikulala. Lilikaa sawa, magurudumu yote manne, likapita kona kama alivyotamani lipite msimu mzima. Kona ya pili vile vile. Gari lilikuwa limenyooka, na kunyooka kwake kulimwambia kila kitu. Barabara ikaanza kumpotea kwenye macho.

"Kulia, pana," Bi Ramani alisema kando yake. "Futa macho, nenda."

Alifuta, akaenda. Walikuwa wa saba. Daktari wa meno alipokuja kuwapa mkono, Timazi alimshika kwa mikono miwili, na daktari hakuelewa kwa nini.

Baada ya hapo mbio zilikwisha lakini gari halikufunikwa turubai. Jioni ambazo maumivu yalilala, Bi Ramani aliukalia mto wake, wakatoka, mwendo wa pole, njia ile ile ya kilimani ikiwa wazi kwa watu wote. Aliisoma njia japo hakuna aliyekuwa na saa mkononi. Na kwenye jioni moja kati ya hizo, kona ya kushoto, Timazi alihisi kitu kwenye usukani. Kidogo sana, mtu mwingine asingekihisi. Jioni nyingine kikaongezeka. Gari lilikuwa limeanza tena kulalia upande wake.

Walipopita gereji fundi alitoka na kitambaa chake mkononi, akainama dirishani, akamsalimia shemeji yake. Kisha akamuuliza Timazi gari linakaaje siku hizi.

"Limenyooka," Timazi akasema. "Usiliguse."

Fundi alilitazama gari, akamtazama rafiki yake, akarudi ndani. Wakaendelea na safari. Barabara ilianza kupanda, na Bi Ramani akasema, kwa sauti ndogo iliyobaki, "Kushoto." Timazi akapunguza mwendo kabla hajaambiwa kwamba ni kali. Gari likalala kulia, nalo bega la mkewe likaja likaegemea bega lake, halina uzito wowote, naye akalishikilia gari pale pale kwenye kona kwa muda mrefu kadiri barabara ilivyomruhusu.